Bomba Halipewi Notisi

Nairobi imejengwa kwenye mteremko. Magharibi, kuelekea Ngong na Limuru, ardhi iko juu, udongo ni mwekundu na miti imeshiba. Ukishuka kuelekea mashariki udongo unageuka mweusi, ule mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu masika yakianza. Makadara iko huko chini. Kaskazini yake unapita Mto Nairobi, kusini unapita Mto Ngong, na yote miwili inaelekea mashariki ikiwa imebeba kila kilichomwagwa na waishio juu.

Mito ilikuwako kabla ya jiji. Jiji ndilo lililoamua nani aishi kando yake, na uamuzi huo umefanywa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka mia moja, mara nyingi kwa jina la afya na usalama. Ukiufuata tangu mwanzo utaona jambo moja likijirudia. Hatari inapogunduliwa, anayeandikiwa barua ya kuhama ni mkazi. Kile kinacholeta hatari, kiwe kiwanda, jaa la taka au bomba la mafuta, hubaki mahali pake.

Reli, tauni na moto, 1899–1938

Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kijito ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Wahandisi walikuwa wakitafuta tambarare ya kupangia mabehewa na kuweka karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Hawakuwa wakitafuta mahali pa kujenga mji. Maji ya mvua hayakuwa na njia ya kutoka, na madaktari wa serikali walianza kulalamika mapema kwamba kambi ile imewekwa matopeni. Lakini reli ilikwisha kulazwa, karakana zilikwisha kusimama, na mji ukaota kuzizunguka.

Mwaka 1902 tauni ililipuka katika soko la Wahindi. Serikali ililichoma moto soko lote. Waliokuwa wakiishi humo wakaambiwa watafute pengine, na mji ukaendelea kukua juu ya ardhi ile ile isiyopitisha maji. Ni tukio dogo katika historia ya Kenya, lakini mimi naliona kuwa kubwa kwa Nairobi, kwa sababu liliacha mfano wa kufuatwa. Tauni iliporudi katika miaka iliyofuata, serikali ilimleta Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya mijini katika himaya ya Uingereza. Alizuru mwaka 1913, na katika ripoti yake akashauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae katika mitaa tofauti. Alilieleza jambo hilo kama suala la usafi. Tangu hapo ubaguzi wa makazi ukawa na cheti cha daktari.

Mwafrika alikuwa hesabu ngumu katika mji huo. Alihitajika mchana kazini, lakini sheria ilimwona kuwa mgeni ambaye kwao ni reserve. Kipande kilichoning'inia shingoni kilimtambulisha kama mfanyakazi wa fulani, na mkataba ukiisha alitakiwa aondoke mjini. Mtu wa namna hiyo hajengewi nyumba. Hupewa kitanda. Reli ilijenga landhi zake, yaani nyumba za wafanyakazi wake, huko Muthurwa, manispaa ikaanzisha Pumwani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na vijiji vya zamani vya Waafrika vilivyokuwa vimetapakaa mjini vikaanza kuondolewa kimoja kimoja. Cha mwisho kikubwa kilikuwa Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wake walisukumwa mashariki, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea baadhi yao.

Nyumba za mawe za Kaloleni, 1939–1950

Vita vya Pili vya Dunia vilijaza Nairobi wafanyakazi. Vyumba vilivyokusudiwa watu wawili vililaza watano au sita, na wengine walilala jikoni au chini ya mabaraza ya maduka. Serikali iliogopa mambo mawili, maradhi na migomo, na ikaanza kujenga kwa bidii ambayo haikuwa nayo kabla.

Kaloleni ndiyo iliyokuwa fahari ya kipindi hicho. Ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa kufuata mawazo ya miji-bustani ya Uingereza: nyumba za mawe zenye paa za vigae, viwanja vya nyasi, miti, zahanati, na ukumbi wa jamii katikati. Wazee wa mtaa husimulia kwamba wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuzijenga. Hapa kwa mara ya kwanza mipango rasmi ilikubali kwamba mfanyakazi Mwafrika anaweza kuwa na mke na watoto mjini. Jirani yake, kando ya barabara ambayo leo ni Jogoo Road, na wakati huo iliitwa Doonholm Road, wafanyakazi wa reli walipata Makongeni.

Ukumbi ule wa Kaloleni ulifanya kazi ambayo waliouchora hawakuipanga. Watu waliubandika jina la House of Commons, kwa kuwa siasa za Waafrika wa Nairobi zilijadiliwa humo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama hapo akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki mara moja. Mwezi mmoja kabla, Nairobi ilikuwa imesherehekea hati ya kifalme iliyoifanya jiji. Tarehe 15 Mei Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake wafanyakazi wakagoma, mgomo uliodumu siku tisa. Pamoja na kutaka viongozi wao waachiwe, walitaka mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961.

Wakati siasa zikichemka ukumbini, wataalamu walikuwa wakichora mezani. Mpango mkuu wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1948 ulichukua hali iliyokuwapo ukaipa mistari iliyonyooka. Viwanda viwe kusini mwa reli, katika eneo ambalo vijana wa leo huliita Indaa. Mitaa ya Waafrika iwe mashariki, karibu na viwanda, ili mfanyakazi aende kazini kwa miguu. Waliouandika walikuwa na hoja ya maana: nauli ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo. Ila mfanyakazi anayeweza kukisikia king'ora cha kiwanda chake kutoka kitandani huuvuta pia moshi wa kiwanda hicho usiku kucha, na Mto Ngong unaopita katikati ya viwanda hivyo ukawa mfereji wao. Kwa kiasi kikubwa, ramani ya Makadara ya leo ni ile ya 1948.

Waya na ujenzi, 1952–1963

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuvizima vita vya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yalilizingira jiji katika Operesheni Anvil. Mitaa ya mashariki, yaani Eastlands, ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa nje, wakapangwa mistari, wakachujwa na watoa habari waliofunikwa vichwa. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini, wengi Mackinnon Road na Manyani. Walipewa muda wa kubeba mfuko mmoja. Vyumba vyao vikapewa watu wengine. Mtaa wa Bahati ulijikuta ukizungushiwa waya, na kuingia au kutoka mtaani kukawa kwa kibali.

Cha ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo ya waya ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya Makadara. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mshahara unaoweza kulisha familia, na serikali ikaona kuwa mfanyakazi mwenye nyumba na watoto ni mgumu kuingizwa msituni kuliko kijana anayelala kitanda cha kupanga. Mitaa mipya ikapewa majina ya watu waliouawa wakati wa vita hivyo kwa kuonekana wako upande wa serikali. Mbotela ina jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, mtoto wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Ofafa ina jina la Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union aliyeuawa mwaka 1953. Majina hayo ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo wengi huyatamka leo bila kujua kwamba ni kumbukumbu ya marehemu.

Vyumba vilikuwa vidogo, vyoo na mabomba vya pamoja. Lakini palikuwa na viwanja. Mtoto wa Jericho au Maringo wa miaka ya 1960 alikuwa na mahali pakubwa zaidi pa kuchezea kuliko mtoto wa leo wa ghorofa za mtaa wa Pipeline, na si ajabu kwamba soka ya Kenya ilichota vipaji vingi upande huu. Mfumo wa maji taka uliwekwa kwa idadi ya watu iliyojulikana. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwa tatizo.

Bomba na kibanda ni rika moja, 1963–1982

Uhuru uliondoa vizuizi vya kuingia Nairobi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Ile ya 1979 ilipata 827,775, na ya 1989 ikavuka milioni 1.3. Baraza la Jiji lilirithi mitaa ya wakoloni na kanuni zao za ujenzi pia, kanuni zilizotaka nyumba ya gharama ambayo mwenye mshahara wa kibarua hawezi. Aliyejenga chini ya kiwango alikuwa amevunja sheria. Mwaka 1970 Baraza lilibomoa vibanda kwa maelfu katika jiji zima, na vingi vikajengwa tena.

Kwa wenye kazi nzuri palikuwa na Buru Buru. Awamu ya kwanza ilianza mwaka 1973 kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 awamu tano zilikuwa zimekamilika: nyumba za mnunuzi, paa za vigae vyekundu, bustani mbele na nyuma. Daktari mdogo, mwalimu mkuu na mhasibu walihamia hapo wakiwa na mkopo wa miaka mingi. Baadaye bustani ziligeuzwa vyumba vya kupangisha na mabomba ya maji taka yakaanza kufurika, lakini hiyo ni hadithi ya ustawi uliojaa kupita kiasi. Kulikuwa na nyingine kusini mwa hapo.

Katika vipande vya ardhi vilivyobaki kati ya viwanda na Mto Ngong, upande wa Lunga Lunga Road, vibarua walianza kujenga vibanda. Hii ndiyo Viwandani. Mshahara wa siku haukuruhusu nauli wala kodi ya nyumba ya Baraza, na kibanda kilikuwa dakika kumi kutoka langoni mwa kiwanda. Kwa maneno mengine, walitekeleza mpango wa 1948 wao wenyewe, kwa mabati. Vijiji vyao walivipa majina ya utani na ya matumaini: Paradise, Jamaica, Kingstone, Milimani, Sinai.

Wakati huo huo serikali ilikuwa ikijenga bomba la mafuta. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yalianza kusukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, umbali wa kilomita 450. Lilikuwa jambo la fahari, na kwa haki: malori ya mafuta yalipungua barabarani na nchi ikapata uhakika wa nishati. Matangi yake yaliwekwa Eneo la Viwanda. Bomba na kibanda ni rika moja, basi, vimekua pamoja katika muongo mmoja na kwa sababu moja, ambayo ni kwamba viwanda viko hapo. Ninalitaja hili kwa sababu baadaye ilikuja kusemwa sana kwamba watu walilifuata bomba, kana kwamba lilikuwa na ukongwe wa mlima.

Takataka na hati miliki, 1983–2001

Mwaka 1983 serikali ya Rais Moi ililivunja Baraza la Jiji na kuweka Tume ya kuteuliwa. Ilikaa hadi 1992. Katika miaka hiyo mwananchi wa Eastlands hakuwa na diwani wa kumlalamikia, na magari ya taka yalikoma kupita. Kila mtaa ukawa na mlima wake, na kilichozolewa kilipelekwa Dandora, jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970 ng'ambo ya Buru Buru kando ya Mto Nairobi. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari yakaendelea kwenda. Mwaka 2007 utafiti ulioagizwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hii hii kule Gigiri, uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kikohozi cha kumshtua mama.

Miaka hiyo ndiyo pia ya unyakuzi wa ardhi. Ardhi ya umma katika Mukuru, ukanda wa vitongoji ambao Viwandani ni sehemu yake, ile ambayo maelfu ya watu walikwisha kuishi juu yake, iligawiwa kampuni na watu binafsi kwa mikataba ya miaka 99, kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga chochote. Walikuwa na hati, na hati iliweza kuwekwa rehani benki. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi mchezo huo ulivyochezwa nchi nzima. Mkazi wa Viwandani aliyelipa kodi ya kibanda kila mwezi kwa miaka ishirini alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mvamizi wa shamba la mtu asiyewahi kumwona.

Mei 1990 askari wa jiji walibomoa Muoroto, kijiji cha wachuuzi karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Watu walipigana nao kwa mawe. Viongozi wa makanisa walipaza sauti, na wiki chache baadaye Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, ikalipuka katika uwanja wa Kamukunji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Shauri Moyo. Wanahistoria hupenda kuisimulia Saba Saba kwa majina ya wanasiasa. Waliokimbizana na polisi vichochoroni siku hizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao ubomoaji wa Muoroto ulikuwa umewagusa au ungeweza kuwagusa kesho yake.

Kutokana na hasira hiyo walizaliwa watetezi wapya. Muungano wa Wanavijiji ulianzishwa mwaka 1996 na watu wa vitongoji wenyewe, ukaanza kwa kuzuia ubomoaji na baadaye ukageukia akiba na kuhesabu kaya. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia mazingira, na mamlaka ya NEMA ikaanza kazi mwaka 2002. Ndani ya sheria ile mna kanuni inayosema anayechafua ndiye alipe. Kwenye karatasi, hapo ndipo historia niliyoisimulia ilipogeuzwa kichwa chini.

Sinai, 12 Septemba 2011

Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 43 kinataja makazi yanayofaa, maji na usafi. Cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira bila kwanza kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe amedhurika. Wakenya waliisifu kuwa miongoni mwa katiba bora duniani, na sioni sababu ya kubisha.

Mwaka mmoja na wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, petroli ilivuja kutoka mitambo ya Kenya Pipeline Eneo la Viwanda. Haikumwagika chini ikatulia. Iliingia kwenye mtaro wa maji ya mvua, na mtaro ule, kama mitaro yote ya hapo, ulielekea Mto Ngong kupitia Sinai. Watu waliona mafuta yakipita mbele ya milango yao. Wakatoka na ndoo, mitungi, sufuria. Petroli ilikuwa ghali mwaka ule, na kilichojaza mtungi mmoja kingeweza kuwa mshahara wa siku kadhaa.

Mafuta yalishika moto yapata saa tatu. Moto ulirudi kufuata mtaro, ukapita juu ya mto na kuziingia nyumba za mabati zilizobanana ukingoni. Waliokuwa wakiteka walikuwa wa kwanza kuungua, lakini wengi hawakuwa wameteka kitu: walikuwa wamelala baada ya zamu ya usiku, au wananyonyesha, au ni watoto. Baadhi walijitupa mtoni wakidhani maji yatawaokoa, na juu ya maji palikuwa na petroli. Waliokufa walizidi 100, na zaidi ya idadi hiyo walijaza wodi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Miili mingi haikutambulika ila kwa vipimo vya vinasaba, na waliobaki bila wa kuwadai walizikwa Lang'ata.

Rais Kibaki alifika hospitalini. Waziri Mkuu Raila Odinga alifika Sinai na kuahidi kwamba walioathirika watafidiwa. Ndani ya siku mbili mjadala ukahama. Magazeti na redio vilijaa swali la kwa nini watu wanajenga juu ya njia ya bomba, na kwa nini wanateka mafuta hata baada ya Sachangwan, ambako Januari 2009 zaidi ya watu 100 waliteketea kwa lori la petroli lililopinduka. Ikaelezwa kwamba wakazi wa Sinai walikuwa wamepewa notisi za kuhama miaka kabla ya moto, na ni kweli walipewa.

Notisi hizo ndizo ninazozifikiria zaidi ninapoisoma habari hii. Zinaonyesha kwamba hatari ilijulikana. Kampuni iliifahamu, serikali iliifahamu, na hatua iliyochukuliwa ilikuwa ile ile ya tangu tauni. Mtaro unaotoka kwenye matangi ya mafuta hupaswa kuwekewa kizuizi cha kunasa mafuta kabla hayajafika mtoni, kifaa rahisi kinachojulikana na kila mhandisi. Mtaro wa Sinai ulipitisha petroli hadi milangoni. Anayesema kuwa wakazi hawakupaswa kuwa pale anasema kweli nusu, kwa sababu petroli nayo haikupaswa kuwa pale.

Mahakama, ramani na tingatinga, 2012–2021

Mambo hayakubaki yalivyokuwa. Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wapangaji wa landhi za Muthurwa, waliokuwa wakitimuliwa na hazina ya pensheni ya reli. Jaji Isaac Lenaola aliona kuwa haki zao zilivunjwa kwa jinsi walivyofurushwa, na akaikumbusha serikali kwamba nchi haina hata sheria inayoeleza namna ya kumwondoa mtu kwa utu. Mwaka 2016 Bunge liliziba pengo hilo: marekebisho ya Sheria ya Ardhi yalitaka notisi ya miezi mitatu na ubomoaji wenye masharti.

Lililofuata Mukuru naliona kuwa jambo jipya kabisa katika historia hii. Kwa miaka kadhaa Muungano wa Wanavijiji, shirika la Akiba Mashinani na vyuo vikuu walikuwa wakihesabu: nani anaishi wapi, anamlipa nani, analipia maji bei gani. Walionyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme ghali kuliko mtu wa mtaa rasmi, kwa sababu hununua kwa mtungi na kwa waya wa kuunganishiwa kichochoroni. Umaskini, kumbe, ulikuwa na kodi yake. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Viwandani, Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga kuwa eneo maalumu la mipango. Zilikuwa kaya zaidi ya 100,000 kwenye takriban ekari 650. Zaidi ya mashirika 40 yaliketi na wakazi waliowakilishwa tangu ngazi ya kaya kumi kumi, wakachora barabara, mabomba na vyoo bila kuanza na swali la nani aondoke. Kuanzia 2020, chini ya idara ya jiji iliyoongozwa na mwanajeshi, sehemu ya mpango ule ilitekelezwa: barabara zilipitishwa, visima vikachimbwa, hospitali zikajengwa.

Kisha, mwishoni mwa 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kutengeneza barabara ya kuunganisha. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta nje, ndani ya eneo lile lile ambalo kaunti ilikuwa imeahidi kulipanga pamoja nao. Sheria ya miezi mitatu ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Mita thelathini, 2024–2025

Mvua za masika ya 2024 ziliua zaidi ya watu 290 nchini. Mito ya Nairobi ilipanda, na Mto Ngong ukaingia majumbani Mukuru. Serikali iliamuru watu waondoke kwenye kingo za mito, ubomoaji ukaanza mvua ikiwa bado inanyesha, na Rais Ruto akatangaza shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyohamishwa. Safari hii hatari haikuwa ya kubuni, maji yalikuwa yanaua, na ni vigumu kumlaumu anayemwambia mtu asilale kwenye njia ya mafuriko. Ila mita 30 za ukingo zilizotakiwa kuachwa wazi zilipimwa kwa ukali zaidi upande wa mabati kuliko upande wa kuta za viwanda na majengo ya ghorofa yaliyoubana mto hadi ukakosa pa kupanuka.

Machi 2025 mradi wa kuufufua Mto Nairobi ulizinduliwa upya, mkubwa kuliko ule wa Waziri John Michuki wa miaka ya 2008 hadi 2012, ambao ulisafisha kipande cha juu karibu na katikati ya jiji. Maelfu ya vijana walipewa kazi ya kuzoa taka na kupanda miti. Mei mwaka huo Rais alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza kwenye mradi wa Enterprise Road uliojengewa watu wa Mukuru. Ni nyumba za kweli, zenye choo ndani, na waliozipata hawatanii wanapoishukuru serikali.

Kwa Makongeni, mwaka 2025 ulikuwa wa kufungasha. Mtaa ule wa wafanyakazi wa reli, uliokuwa umepita mikononi mwa hazina ya pensheni, ulitengwa kwa nyumba za bei nafuu, na kila mpangaji aliyesajiliwa akatengewa shilingi 150,000 za kuhamia. Ni kiasi ambacho wazee wao wa Muthurwa hawakukiota. Mvutano ukahamia kwenye orodha, maana chumba kimoja cha Makongeni huwa na jina moja kwenye daftari na kaya mbili au tatu chini ya paa, zikiwemo za waliojenga vyumba vya mabati uani.

Huko Viwandani swali hilo ni zito zaidi, kwa kuwa karibu wote ni wapangaji. Mwenye kibanda haishi hapo, mwenye hati haishi hapo, na mwenye kiwanda haishi hapo. Fidia, nyumba mpya, hata notisi ya miezi mitatu, zote huanza kwa kuuliza mahali ni pa nani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 189,536 Makadara nzima. Ni wachache kati yao wanaoweza kulijibu swali hilo kwa karatasi, na bado ni nadra mwenye mtaro kulazimishwa alijibu la kwake: unamwaga nini, na nani anaishi unakoishia.